Laini ya Shemeji

Jumapili, 4 Februari 2024

Leo mezani Ignasi kaniuliza naenda Babati lini. Mbele ya mama yake! Nikasema, Babati gani? Akacheka, akachukua kipande kingine cha kuku.

"Nauliza tu, shemeji. Barabara ni mbaya siku hizi."

Mama mkwe akaendelea kutafuna taratibu, kama mbuzi anayewaza. Hakuniangalia. Kumbe naye anajua.

Sijamwambia mtu habari za Babati. Yaani nimemwambia Philomena, na wakili mwenyewe. Basi!

Naandika hapa kwa sababu nikibaki na hili kichwani nitamrushia mtu sufuria.

Kasian alikufa mwezi wa kumi. Pikipiki yake, lori la mahindi, kona ya kuteremka njia ya Haydom. Tangu siku ile hapa Nambis sina jina, ni "mjane wa Kasian" tu. Na lile shamba la bondeni tulilonunua wawili, tukalima vitunguu saumu mpaka mikono ikanuka hata kanisani, limegeuka kuwa la ukoo. Ndivyo anavyosema Ignasi, kaka yake mkubwa. Ana steshenari mjini Mbulu, karibu na stendi. Anapiga fotokopi, anasajili laini za simu, anavaa tai hata siku ya mnada. Ana mteja tayari wa shamba. Hajanitamkia, ila nimesikia.

Wakili anaitwa Odilia, wa msaada wa kisheria kule Babati. Namba yake nilipewa na Philomena, aliyekaa semina yao. Sijawahi kumwona kwa macho. Tunaongea kwa simu na WhatsApp tu.

Sasa Ignasi amejuaje?

Jumatano, 7 Februari

Leo zamu ya mama mkwe. Nimemwamkia, shikamoo mama. Shikamoo ikabaki hewani. Halafu akiwa anapepeta maharage akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mwanamke mzee hula kidogo tu, si kama jeshi.

Nikaingia ndani, nikafungua simu.

Wiki iliyopita nilimwandikia Philomena: mama mkwe anajidai mgonjwa lakini anakula kama jeshi lililorudi vitani. Philomena akajibu kwa vile vichwa vinavyocheka mpaka machozi.

Neno ni lilelile. Jeshi!

Philomena? Cherehani yake iko jirani na yangu pale sokoni. Tunagawana chai, tunagawana mkasi. Ndiye aliyekaa na mwanangu Yona wakati wa mazishi. Hapana. Lakini kama si yeye, nani?

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda kwa Gidion, fundi simu wa stendi. Nikamwambia kuna mtu anasoma simu yangu. Hakuuliza nani wala anasomaje. Aliipangusa kwenye suruali, akasema, "Mama Yona, wewe unahitaji VPN."

Ndiyo nini?

"Unapita mtandaoni umejifunika. Kama mtu aliyejitanda blanketi mnadani. Hakuna anayekutambua, hata serikali."

Nikauliza kama si kosa, maana mwaka jana nilisikia redioni kwamba ukitumia hiyo lazima ujisajili. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Eti nani apande basi mpaka Mbulu kuja kukagua simu ya fundi cherehani? Vijana wote wanayo! Akaiweka. Ya bure. Juu kabisa, pembeni ya betri, kakatokea kaufunguo kadogo.

Nimekaangalia njia nzima. Mimi, Marieta, nimejitanda blanketi!

Jumatano, 14 Februari

Majivu kwenye paji la uso, ufunguo kwenye simu. Nimekingwa pande zote.

Bando linaisha haraka tangu kile kitu kiwekwe. Haidhuru. Usalama nao una bei.

Leo nimemwandikia Kasian. Huwa namwandikia tangu tulipomzika. Namba yake bado ninayo, simu yake ilisagika pamoja naye, ujumbe hauendi popote. Tiki moja ya kijivu. Moja, moja, moja, kutoka juu hadi chini. Najua ni ujinga. Lakini ndiko ninakosema kweli yangu yote. Leo nimemwambia kitanda kimekuwa kipana. Kwamba nalala upande wake, ili upande mtupu uwe wangu.

Sikulia. Nilifua.

Jumapili, 18 Februari

Ignasi na mkewe Judica walikuja baada ya misa. Akaomba simu yangu, eti aone picha ya Yona akiwa na sare ya darasa la kwanza. Ningekataaje mbele ya watu?

Akaiinua juu kama padre anavyoinua kikombe.

"Shemeji, huu ufunguo hapa juu ni wa nini?"

Nikasema ni wa kuongeza kasi. Uongo wa kitoto!

"Mama, unaona hiki? Hiki kinaitwa VPN. Wanaoweka ni watu wa aina mbili. Kuna wanaoangalia picha chafu, na kuna wanaoficha mabwana." Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Wewe uko kundi gani, shemeji? Tuambie tukusaidie."

Judica akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yalikuwa yanacheka.

Yona akauliza, mama, picha chafu ni picha yenye tope?

Wakacheka wote. Hata mama mkwe, ambaye sijamwona meno yake tangu msiba. Mwanangu naye akacheka, akidhani amesema jambo zuri.

Alhamisi, 22 Februari

Jumuiya leo. Nilipokaa kwenye benchi, wenzangu wawili wakakumbuka wana shughuli upande mwingine wa chumba.

Kisha kiongozi akaomba kwa sauti kwa ajili ya wajane "wanaojaribiwa kwa njia ya simu." Wajane wa jumuiya yetu tuko wawili. Mwenzangu ni bibi kipofu, hana simu.

Nikaitikia amina. Ningefanya nini?

Ijumaa, 1 Machi

Nimefunga mlango. Naandika.

Nilipatana na Odilia niende Babati leo. Tulipatana kwa WhatsApp, ufunguo ukiwa juu. Nikamwandikia pia Philomena, amchukue Yona shuleni. Nyumbani nikasema naenda Dongobesh kwetu, mama anaumwa.

Nimekaa kwenye basi, kiti cha dirishani. Basi linanguruma. Naangalia nje — Ignasi! Tai yake nyekundu. Amemshika Yona mkono, Yona na sare, na begi mgongoni. Amemtoa darasani!

Akasogea dirishani. Hakupaza sauti. Abiria wangedhani tunaagana.

"Nenda, shemeji. Kamwone wakili wako. Nimemleta mtoto akuage, maana huyu ni wa ukoo. Ukienda, yeye anabaki."

Yona akanipungia.

Nimeshuka. Nani asingeshuka? Kondakta alikataa kunirudishia nauli, nikamwachia.

Kutoka stendi nikaenda moja kwa moja sokoni. Philomena alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani. Nikamwambia, wewe ni mbwa wa Ignasi. Akasema, Marieta, punguza sauti, kuna wateja. Nikapandisha. Akaapa kwa Mungu kwamba hajamwambia mtu. Nikamuuliza, Mungu yupi? Yule aliyekunyima mtoto?

Basi sikusimama hapo. Nilitoa yote. Siku ile tuliyorudi pamoja kutoka hospitali Haydom, alivyolia kwenye basi na kichwa chake kwenye mapaja yangu, alichoambiwa na daktari, na alivyoniomba mumewe asijue. Yote! Mbele ya wateja. Mbele ya muuza nyanya mwenye mdomo kama kengele ya kanisa. Nikamalizia kwamba tumbo lako ni kaburi, ndiyo maana kinachozaa ni mdomo.

Alikuwa bado anajaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano. Uzi unapita pembeni. Unapita pembeni.

Jumamosi, 2 Machi

Sijutii. Amevuna alichopanda.

Nimehamishia cherehani yangu kibarazani kwa muuza vyombo. Kuna upepo mkali. Vitambaa vinaruka.

Jumanne, 12 Machi

Kimya. Tangu nimwache Philomena hakuna kilichovuja! Unaona? Ilikuwa yeye.

Odilia amesema si lazima niende. Nimepiga picha hati ya kununulia shamba, picha za mipaka, barua ya mwenyekiti wa kijiji, nimemtumia zote. Amefungua shauri baraza la ardhi. Litasikilizwa baada ya Pasaka. Sauti yake ni ya mtu aliyeshiba usingizi. Napenda kuisikia, ingawa mtandao huku unakatakata, nusu ya maneno tunabahatisha.

Nasikia mume wa Philomena ameondoka nyumbani. Amekwenda kwa mwanamke mmoja Haydom. Habari ilimfikia kutoka sokoni.

Jumapili, 24 Machi. Matawi

Mvua tangu alfajiri. Kikao cha familia, sebuleni kwa mama mkwe. Mzee Maximilian, baba mdogo wa Kasian, ndiye aliyeongoza. Wanaume kwenye makochi. Mimi na Judica kwenye mkeka.

Ignasi akasimama. Akasema mimi nimeishtaki familia. Akataja tarehe ya baraza. Akataja mwenyekiti wa kijiji aliandika nini kwenye barua yake, neno kwa neno. Nikajiambia, mwenyekiti mwenyewe kamwambia. Nikatulia. Nikasema shamba tulinunua wawili, na hati ninayo.

Mama mkwe akasema kitu kwa Kiiraqw ambacho sitakiandika. Kiswahili hakina neno baya kiasi hicho.

Halafu Ignasi akapoza sauti, akawa kama anayenionea huruma.

"Wazee, tusimlaumu sana. Mjane ana upweke wake. Mwenyewe anasema kitanda kimekuwa kipana. Siku hizi analala upande wa marehemu, ule wake unabaki mtupu." Akanigeukia. "Si ndivyo, shemeji? Basi tukipunguze hicho kitanda. Au tukutafutie wa kuujaza huo upande?"

Makochi yakacheka. Mzee Maximilian akajifanya anakohoa.

Sikusikia kingine kilichosemwa. Eti shamba litakuwa chini ya Ignasi mpaka Yona akue. Eti nishukuru.

Maneno yale ya kitanda sikumwandikia Philomena. Sikumwandikia mtu yeyote aliye hai.

Philomena.

Ee Mungu wangu, Philomena.

Alhamisi, 28 Machi. Alhamisi Kuu

Siku hizi zote simu ilikaa imezimwa, ndani ya debe la unga. Niliiogopa kama nyoka. Leo nimeiwasha, nikapanda juu kule kwenye mtandao mzuri, nikampigia Odilia, nikamweleza. Ufunguo, VPN, kitanda, yote. Niliona aibu lakini nikasema.

Hakucheka. Akaniuliza VPN niliambiwa inafanya nini. Nikamwambia habari za blanketi.

"Gidion wako si mwongo, ila alikupa dawa ya ugonjwa mwingine," akasema. "VPN inafunika njia. Aliye njiani haoni unapita ukienda wapi. Lakini kama mtu ameshaingia nyumbani kwako, amekaa kwenye kochi, utamfunikia njia ya nini?"

Nikauliza, sasa niitumie au nisiitumie?

Akasema kwenye intaneti ya watu, hotelini, stendi, inafaa. Ila ile ya bure nijiulize mwenye nayo anakula wapi. Halafu akaniambia nifungue WhatsApp, niguse pale kwenye vidoti, niangalie vifaa vilivyounganishwa.

Nikaangalia. Kompyuta moja. Iliyotumika mara ya mwisho: leo.

Nilikaa chini kwenye majani mabichi, sketi ikalowa.

Nimekumbuka siku yenyewe. Ni siku ya msiba. Ignasi alikuja na macho mekundu, akasema, shemeji, nipe simu, picha nzuri za Kasian ziko kwako, nikachape ya kuweka kwenye msalaba. Nikampa, na namba ya siri nikamtajia mwenyewe. Akairudisha jioni pamoja na soda. Nilimshukuru! Maiti ya mdogo wake iko mochwari, na yeye yuko steshenari anajiunganisha kwenye simu yangu.

Kila kitu. Tangu siku ile, kila neno. Mimi namlilia mume wangu, na Ignasi anakunywa chai anasoma.

Nikabonyeza, nikamtoa. Nikaifuta na ile VPN. Odilia akanielekeza kuweka namba nyingine ya siri, nikaweka. Halafu akauliza, "Laini imesajiliwa kwa jina lako?"

Nikasema kwa jina la shemeji. Kipindi kile cha kusajili kwa kidole sikuwa na namba ya NIDA, na wakala ni yeye.

Nikasikia anaweka kalamu mezani.

"Mama Yona, kanunue laini nyingine. Kwa kidole chako. Usikae nayo hiyo."

Lakini mvua! Na kesho Ijumaa Kuu. Nitakwenda Jumanne.

Na kwa Philomena nitakwenda. Nimepita karibu na kwake leo. Mlango ulikuwa wazi. Sikuingia.

Jumamosi, 30 Machi

Hakuna huduma. Asubuhi simu imeandika hivyo, nikadhani ni mvua. Nikaenda kwa jirani, nikaomba intaneti ya simu yake. WhatsApp ikafunguka kidogo tu, ikaniambia namba yangu inatumika kwenye simu nyingine. Ikanitoa nje, kama mlevi anavyotolewa kilabuni.

Amejua nimemtoa kwenye kompyuta. Amekaa kwenye kiti chake pale steshenari, ameweka kidole chake, ameivuta laini kwenye kadi mpya. Ni yake. Kwa karatasi ni yake kabisa!

Kasian alikuwa humo. Tiki zangu zote. Na sauti yake, ile aliyorekodi akiwa mnadani akiniuliza ninunue chumvi ya ng'ombe au nisubiri. Pikipiki inasikika nyuma.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Wakati wa kupeana amani Ignasi alivuka benchi mbili kuja kunishika mkono.

"Amani ya Kristo, shemeji. Nasikia laini inakusumbua. Pole. Sikukuu ikiisha pita ofisini nikuangalizie."

Mkono wake ni laini kama wa mtoto mchanga. Nikasema, na iwe nawe pia. Mdomo ulisema wenyewe.

Mama mkwe ana kitenge kipya.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepata laini. Kwa wakala mwingine, mwanamke, upande wa pili wa soko. Kidole changu kimechakazwa na sindano, mashine ikakataa, ikakataa, nikakipangusa kwenye kanga, ikakubali. Marieta. Jina langu likatokea kwenye kioo. Nilitaka kulibusu.

Nikampigia Odilia papo hapo. Nikasema, mama, ni mimi, Marieta wa Nambis.

Sauti ikaja, si ile niliyoizoea. Ya ofisini.

"Ulisema unaitwa nani?"

Nikarudia.

"Marieta ameshanipigia jana, kwa namba yake. Amesema amepatana na familia, anaondoa shauri. Nilimuuliza kwa nini. Alilia sana." Akavuta pumzi. "Na alinionya. Alisema kuna mtu atanipigia kwa namba ngeni, atajifanya yeye. Kwamba ni mwanamke wa mjini mwenye ugomvi na familia ile."

Judica. Ni Judica! Amekaa kwenye kochi, Ignasi anamwelekeza, naye analia machozi yangu.

Nikapiga kelele. Nikasema kipi sijui. Odilia akaniacha nimalize. Sio mtu mbaya. Akasema mtandao wetu unakatakata, sauti hawezi kuiapia, basi niambie jambo moja ambalo mimi na Marieta tu ndio tunalijua.

Nikafungua mdomo. Hati? Ignasi anayo. Barua ya mwenyekiti? Anayo. Kitanda, ufunguo, debe la unga? Nikakumbuka niliyomwambia kwa mdomo Alhamisi, nikayasema. Odilia akajibu polepole kwamba yule wa jana alizijua habari za VPN zote, na mengine ya Alhamisi yeye Odilia ndiye aliyemkumbusha, akimsihi asiliondoe shauri. Bila shaka! Ignasi ndiye aliyeuinua ule ufunguo juu mbele ya watu. Na kuhusu kompyuta iliyounganishwa, yule naye aliitaja. Aliyeiunganisha angekosaje kuijua?

Nikatafuta. Nikatafuta kichwa kizima. Hakuna kitu changu ambacho hakijapita kwenye ile simu. Nimebaki mtupu kama gunzi.

Nikasema nakuja Babati na kitambulisho, maana picha yake tu hata Ignasi anaweza kuituma. Lakini magari hayaendi. Mvua imekata barabara, na tangu yale maporomoko ya Katesh madereva hawafanyi mchezo na mlima. Na karatasi ya kuondoa shauri iko mezani kwake. Inapelekwa barazani kesho, kabla ofisi hazijafungwa.

"Yuko mtu mmoja huko ninayemjua," akasema mwisho. "Sura na sauti. Alikaa kwenye semina yetu siku zote. Philomena. Ndiye aliyemleta Marieta kwangu. Anipigie yeye, aniambie huyu ndiye. Nitaichana hiyo karatasi."

Nikirudi Nambis nimepita bondeni. Kuna watu wanapiga matuta kwenye shamba langu. Vibarua, siwajui. Nikawauliza nani kawatuma. Wakasema tajiri wa vitunguu. Mmoja akaniuliza kama natafuta kazi ya kupanda.

Jumatano, 3 Aprili

Niko sokoni, kwenye benchi nje ya kibanda cha Philomena. Naandika ili mikono ipate la kufanya.

Nilifika akiwa anafungua. Amekonda. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope, wauza nyanya wakiangalia — nilitaka waone. Nikasema si wewe. Nikasema nilikosea, ni Ignasi, alikuwa ndani ya simu tangu msiba. Nikasema yote niliyoyasema yalikuwa ya shetani.

Akasema, "Inuka, unachafua nguo."

Nikainuka. Nikamweleza habari za Odilia. Kwamba ni simu moja tu, maneno mawili, huyu ndiye Marieta. Kwamba ni leo, kabla ofisi hazijafungwa. Nikamtajia Yona, maana Yona anampenda. Aliposikia jina la mtoto akageuza uso. Nilikosea tena. Sijui kuongea na watu siku hizi.

Akafunua cherehani, akaipangusa vumbi. Kisha akasema alipewa talaka ya mdomo mbele ya mama yake mzazi. Alisema hivyo tu, kama anavyotaja bei ya zipu. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

"Philomena, dada yangu. Nakuomba."

"Nina nguo ya mteja," akasema. "Ngoja nimalize."

Basi nangoja. Nimeshika simu, bando liko, namba ya Odilia iko tayari. Ni sare ya shule, sketi ya bluu, naiona kwa mlango. Anashona vizuri kuliko mimi, siku zote. Mashine inakwenda, inasimama kwenye kona, inakwenda.

Mvua imepungua. Muuza nyanya ananiuliza nikupe chai? Anataka nikae asikie.

Bado anashona.

Kivuli cha kibanda kimefika kwenye miguu yangu. Huko Babati watakuwa wanarudi kutoka kula.

Amemaliza! Nimesikia mkasi ukikata uzi. Amekunja ile sketi, ameiweka pembeni, amenyoosha mgongo. Nimesimama. Nimemnyooshea simu.

Hajaniangalia. Amechukua nguo nyingine.